"Nakuja," Alisema Mshika Kamba

Kinyozi mmoja aliponzwa na marafiki zake wawili. Sisemi walikuwa watu wabaya. Walimpenda, na ndiyo maana mfano huu utatuuma.

Walipakia hema, madumu ya maji na kamba ndefu kwenye gari la mmoja wao, wakashika njia ya jangwani, kule ambako barabara inakwisha na mtu anafuata tu alama za magurudumu ya waliotangulia. Mwisho wakaliacha gari, wakatembea kwa miguu, wakalala hemani, wakataniana. Asubuhi wakawa chini ya jabali refu, lisilo na hata jani moja. Kinyozi akalitazama, akarudi hatua nyuma.

"Nyie pandeni. Mimi nitawapiga picha."

"Thubutu!" akasema yule mwenye gari. "Vichwa vya watu unavigeuza utakavyo, leo kipara kimoja kinakushinda?"

Wakamcheka mpaka akaona aibu kuliko hofu. Mnaijua hali hiyo? Wengi wetu tumepandishwa mahali na kicheko cha wenzetu.

Yule rafiki wa pili alikuwa mzoefu. Alizungukia nyuma ya jabali, akapanda kwa njia rahisi, akapitisha kamba kwenye pete ya chuma iliyokuwa juu, akashuka. Ncha moja akaifunga kiunoni mwa kinyozi, ya pili akaishika mwenyewe.

"Sikiliza, kaka. Ukichoka, achia mikono, ukae kwenye kamba kama unakaa kwenye bembea. Huanguki. Mimi nipo chini."

Kinyozi akapanda. Kila akivuka hatua anauliza, "Umenishika?"

"Nimekushika!"

"Umenishika?"

"Nimekushika, bwana, panda! Unaniuliza kama mke!"

Alipofika katikati, nguvu zikaanza kumwishia. Vidole vikafa ganzi. Kutazama chini hawezi, maana tumbo limeganda kwenye jiwe. Basi ndipo upepo ukavuma, na yule mwenye gari akapiga kelele kutoka kambini hapo karibu, "Hema! Hema linakwenda!"

Kinyozi akauliza, "Umenishika?"

Chini ikajibu sauti: "Nakuja!"

Haya, niambieni. Katika Kiswahili chetu hiki, nani husema "nakuja"? Mtu ameinuka kitini, ameshachukua kofia, ameshakupa mgongo, mguu mmoja uko nje ya mlango, anasema nini? "Nakuja!" Ni sisi hao. Tunaondoka huku tunatangaza kuja.

Lakini mwenye hofu hapimi maneno. Kinyozi alisikia sauti ya rafiki yake, moyo ukatulia. Yupo, akajisemea. Akaachia mikono akae kama kwenye bembea.

Kamba haikukaza. Ilimfuata tu, laini kama uzi. Akaburuzika na jiwe, kifua kikichunika, mpaka mkono mmoja ukazama katika ufa na kukwama hapo. Akaning'inia kwa huo mkono mmoja. Akaita. Na unajua alichosikia? Aliwasikia kwa mbali wakicheka, wanakimbiza hema mchangani.

Waliporudi na kumshusha, mkono ule ulikuwa haukunjuki. Yule mshika kamba alimfungua kamba kiunoni, lakini ulimi ulikuwa bado unajitetea.

"Si nilikwambia nakuja? Na si nimekuja?"

Kinyozi akamwangalia. "Ungeniambia unaondoka, ningeng'ang'ania jiwe. Nilikuwa nimelishika. Nililiachia kwa sababu yako."

Ndugu zangu, naona mnatikisa vichwa. Mnamwona yule rafiki mjinga, na kila mmoja wenu amejiweka pale juu, kwenye jabali. Shukeni. Hapo si mahali petu. Sisi ndio tuliokuwa chini na kamba.

Yule mama tuliyemzikia mume, tulimwambia nini pale makaburini? "Tupo, mama. Tunakuja." Naye akawaambia ndugu zake wa mbali warudi makwao, kwamba ana watu wa hapa. Aliachia mikono. Nani alikwenda? Yule kijana aliyelazwa, tulimwambia nini? Tunakuja. Mpaka leo anautazama mlango wa wodi.

Mimi sijui kubembeleza, nitasema ilivyo. Mtu akikwambia "siwezi", utalia, utamnunia, lakini utatafuta jiwe lingine la kushika. Anayekuua ni yule mpole, mwenye sauti tamu, asiyeweza kukataa. Kama huendi, sema huendi! Uonekane mbaya leo, mwenzako abaki hai.

Na msiniitikie amina. Amina zetu nyingi ni "nakuja" zilizovaa nguo za ibada. Inukeni mwende. Kuna mtu ameshaachia mikono.