Miwani Juu ya Meza

Wapendwa, kulikuwa na baba mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri tamthilia za Kihindi. Mnawajua watu hawa. Picha inakuja na Kihindi chake, yeye anajifungia chumbani na kipaza sauti, anaweka Kiswahili juu yake: sauti ya bibi, sauti ya polisi, sauti ya bwana harusi, zote anatoa mwenyewe. Msijifanye hamzijui. Jumatano kwenye maombi nahubiria viti, na ninyi mko wapi?

Basi akaletewa tamthilia moja ya majambazi. Ndani yake kuna bosi anayeushika mji mzima mkononi. Bosi yule hagombi. Anaongea chini chini, polepole, na akichoshwa na mtu anavua miwani na kuiweka mezani. Wote waliomo ndani wanatoka na kufunga mlango, na yule aliyebaki humwoni tena.

Baba yule aliipatia sauti ya bosi mpaka mtaa mzima ukamsifu. Siku moja wakiwa wanakula, binti yake Atupele akamwaga mchuzi. Baba akajaribu, kwa mzaha tu. Akashusha sauti, akauliza, "Nani amekutuma?" Kisha akavua miwani, akaiweka mezani. Mtoto akaganda kwenye kiti. Mama naye akaacha kutafuna. Na yule baba, niseme ukweli, alisikia raha.

Mwanzoni, miwani ikishawekwa, kipigo cha mkanda kilifuata. Baadaye hata mkanda haukuhitajika. Akivua miwani, mke na mtoto wanainuka, wanatoka, wanafunga mlango, na hakuna anayerudi mpaka aivae tena. Alijiona sasa ndiyo ana nyumba yenye adabu.

Alasiri moja akiwa kazini kwake chumbani, kichwa kikamgonga. Picha kwenye kioo ikawa mbili. Akadhani miwani imechafuka, akaivua, akaiweka mezani ili aifute. Mkono wa kulia ukakataa kuinuka tena.

Mlango ukafunguliwa. Mke wake alikuwa ameleta chai. Macho yake yakaenda moja kwa moja mezani. Mume alitaka kusema, nisaidie, nakufa. Lakini mdomo ulikuwa umelemaa upande mmoja, na sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, nzito, ya polepole.

"Samahani, Baba Atupele," mke akasema. "Natoka." Akafunga mlango taratibu.

Akawasikia nje.

"Mama, baba anaita?"

"Usiingie. Ameweka miwani."

"Lakini anatoa sauti."

"Ndiyo sauti yake hiyo. Twende tukakae uani."

Hapo hofu ikamshika yule baba, hofu aliyoizoea kuiona kwenye nyuso za wenzake tu. Aliijua sheria ya nyumba, maana aliitunga yeye. Akiivaa miwani, wataingia. Akapapasa kwa mkono wa kushoto, akaigusa, ikateleza ikaanguka sakafuni. Naye akaifuata. Akalala pale akisikia watu wake wakinong'ona uani, wakimwogopa, huku anakufa.

Jioni jirani mmoja alikuja kuazima ungo. Akasikia sauti chumbani, na kwa kuwa hakuijua sheria ya nyumba ile, akasukuma mlango. Ndiyo maana yule baba alifika hospitali akiwa hai.

Akarudi nyumbani hawezi kusema. Siku moja Atupele alikuwa akimlisha uji. Baba akamtazama mtoto wake, machozi yakamtoka. Maneno hana, basi akainua ule mkono mmoja uliobaki amshike shavu, amwombe msamaha.

Mtoto akaziba uso kwa mikono yote miwili. Bakuli likaanguka. "Nafuta, baba," akasema haraka. "Nafuta sasa hivi."

Wapendwa, sisi tunaiangalia tamthilia ile tunasema, bosi huyu ni mkatili, atalipwa. Tunazima runinga. Halafu nani anavua miwani nyumbani kwako? Baba, ukifungua geti, watoto wanakuja au wanatawanyika? Mama, yule dada wa kazi akisikia kandambili zako, anafanya nini? Na mimi mchungaji, wazee wa kanisa wakininyamazia, ni heshima ile au wameshatoka na kufunga mlango?

Nina jambo moja tu limebaki, nalo linanitisha. Hapa tunawafundisha watoto wetu kusali, na neno la kwanza tunalowapa ni Baba. Atupele alikuwa amekaa hapo mbele Jumapili iliyofuata. Tulipofika kwenye neno lile, watoto wote walilitamka. Yeye aliziba uso.