Sekela Wawili na Namba Saba

Sogeeni, na mwenye mtoto mgongoni amhamishie kifuani, maana hadithi hii ni ya joto.

Walikuwapo watu watatu katika hospitali moja ya milimani, upande wa Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha ikijisikia. Nesi Bupe alijaliwa viganja: akikugusa mguu anajua una joto kiasi gani kabla hujamaliza kumwamkia. Fundi Ipyana alijaliwa masikio: mashine ikikohoa chumba cha mwisho, yeye anageuka. Na Lusubilo, dada wa kompyuta, alijaliwa mpangilio: hata chai aliimimina kwa zamu, aliyekaa mbali kwanza, asije akafikiwa na iliyopoa.

Wa nne ni Sekela, na yeye siku hizo hakuwa na kitu ila woga. Alikuwa amemaliza kidato cha nne juzijuzi tu, akajifungua kabla ya miezi kutimia, na binti yake alikuwa mdogo hata akaogopa kumpumulia. Mtoto alilazwa chumba cha joto pamoja na wenzake.

Sasa, joto la jengo lile halikuwashwa kwa mkono. Kila chumba kilikuwa na kidude ukutani cha kupima joto, kila kidude kimepewa namba yake, na chini kabisa ulikaa mtambo mkuu ambao kazi yake ni kuita. Namba moja, kwako kukoje? Namba mbili, kwako kukoje? Chumba kikijibu ni baridi, mtambo unakiwashia hita. Kikijibu ni joto, unaizima. Ukifika mwisho unaanza upya. Chumba cha watoto kilikuwa namba saba.

Asubuhi moja, mvua inapiga madirisha, Sekela alimgusa mwanawe, akaondoa mkono, akamgusa tena.

"Nesi, samahani, labda ni mimi tu, maana mimi kila kitu naogopa, lakini miguu yake, yaani, hebu shika, mbona kama, nesi, shika tu!"

Bupe akashika. Pale ukutani skrini ya mtambo ilionyesha chumba kina joto tele.

"Skrini inasema kuna joto," Sekela akanong'ona.

"Skrini haina vidole. Fungua kanga."

Akamvua mtoto, akambandika kifuani kwa mamaye, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kama mzigo mmoja. "Humtoi hapo hata aje nani."

"Na nikipiga chafya?"

"Piga, ila kwa adabu."

Miguu ikaacha kupoa. Lakini Sekela alikuwa amepoteza damu nyingi, na muda si muda kifua chake chenyewe kikaanza kutetemeka, akajua joto alilo nalo ni la kuazima tu, litaisha, na likiisha ni mtoto atakayelikosa.

Fundi Ipyana akaja na ngazi yake. Akashika hita, baridi kama jiwe. Akatega sikio, kimya. Akatazama skrini, joto tele. Akabaki juu ya ngazi amekunja uso, haelewi.

Hapo Bupe akaita, "Sekela! Uji wako!"

"Abee!" wakaitika wawili.

Maana wodini mlikuwa na Sekela mwingine, mama mmoja wa Kiwira, mnene, mcheshi. "Ni mimi au mwenzangu?" akauliza. "Jana nimeunywa wa kwake, wala sijutii!"

Watu wakacheka. Ipyana hakucheka. "Wameitika wawili," akasema polepole. "Jina moja, wameitika wawili." Akashuka mbio, ngazi akaiacha inayumba.

Jana yake, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amefunga kidude kipya chumba cha kufulia, kule ambako mashine za kukaushia mashuka zinapumua moto kutwa. Kidude kilitoka dukani kimeshawekwa namba saba, naye akakifunga bila kukiangalia mgongoni. Basi mtambo ukiita namba saba, chumba cha kufulia, kilicho karibu na mtambo, kinawahi kujibu: huku joto! Na mtambo unawazimia hita watoto. Ipyana akakifungua, akakipa namba isiyo na mwenyewe.

Lakini hita haikuwaka. Akampigia simu Lusubilo.

"Dada, nimewatenganisha, mbona bado?"

"Kwa sababu zamu yake haijafika, kaka." Lusubilo alikuwa ofisini chini, macho kwenye kompyuta. "Ee, tazama maajabu haya! Huu mtambo unaita mpaka vyumba vya ghorofa ambayo haina hata paa. Unaita, unangoja, haujibiwi, unaita tena. Ukirudi kwa watoto ni saa ngapi?"

Vidole vyake vikakimbia. Namba zisizo na watu akaziondoa. Ofisi za wakubwa akazisogeza nyuma. Namba saba akaipa zamu ya kwanza, tena ya mara kwa mara, kama mgonjwa anayechunguliwa kila anayepita.

Huko juu Sekela akasikia *tik*. Kisha harufu ya vumbi linaloanza kupata moto. Akalia kimya kimya, asimtikise mtoto.

Mvua ilipokatika, mama mkwe wake akafika na kitenge kipya. "Mwanangu, huyu ameitwa Mtoto wa Sekela vya kutosha, na humu Sekela mko wawili. Mpe jina lake."

Sekela akawaza majina ya waliomwokoa mwanawe: kwa Kinyakyusa, Bupe ni zawadi, Ipyana ni neema, Lusubilo ni tumaini. Yote yanamfaa binti.

"Nimpe yote matatu, mama?"

"Aitike lipi? Moja, mwanangu. Yaliyotokea asubuhi hayajakufunza?"

"Mimi niondoeni," Ipyana akasema mlangoni, kofia mkononi. "Kosa nililirekebisha, ndiyo, lakini lilikuwa langu."

"Ungekosea ukakaa kimya, je?" Bupe akamjibu. "Na mimi nilimpatia muda tu. Hita sikuiwasha."

Nyuma yao akasimama Lusubilo, ambaye hakuwa amekanyaga wodi ile tangu aajiriwe, kikombe cha chai mkononi. Akachungulia ndani ya kanga kwa haya.

"Kumbe ndiye huyu," akasema, "namba saba?"

Sekela akawatazama wote watatu. Kiganja kilichojua, sikio lililosikia, zamu iliyowahi. Ukitoa mmoja, kanga ile imebaki tupu. Mtoto amefumbua jicho moja, anangoja kuitwa.

Haya, mlioketi hapa: jina ni moja tu. Wewe ungemwitaje?