Kalunde na Uyoga wa Mgongoni

Haya, walio karibu na moto sogeeni, walio mbali tegeni masikio. Nikisema mti, semeni na wenzake.

Mti!

Na wenzake!

Mti!

Na wenzake!

Hapo kale, katika nchi yetu ya miyombo, nchi inayozishinda zote, na anayebisha aondoke sasa hivi, palikuwa na mgongo wa kilima ulioungua moto. Watu wa mgongoni walikuwa na mila yao. Bibi harusi akifika, hupanda myombo pale palipoungua. Mti ukishika, nyumba ni yake. Ikinyauka mitatu, anarudi kwao.

Kalunde, binti wa mbugani, aliolewa huko na Mihambo. Alimpenda mumewe, alimpenda hasa. Akang'oa mche ukingoni mwa mbuga, akaosha mizizi mpaka ikang'aa.

"Binti wa mbugani hapeleki matope ukweni!" akasema.

Akapanda. Mche ukanyauka.

"Wa kwanza huo," akasema mavyaa wake, Mama Nyanzala, mamaye Mihambo.

"Udongo wenu maskini, mama," akajibu Kalunde. Akashuka kwao, akajaza kapu udongo mweusi wa mbugani, akaupandisha kilima kichwani, shingo ikimuuma. Akapanda mche wa pili. Mvua ikanyesha, udongo ukawa tope. Jua likawaka, udongo ukapasuka. Mche ukanyauka.

"Wa pili huo," akasema mavyaa. "Na udongo wetu usiutukane tena."

Kalunde akaenda kulia chini ya myombo mmoja uliopona moto. Majani makavu yakatikisika. Akachomoza Uyoga, kofia pana kama sahani.

"Binti wa mbugani, walilia nini?"

"Nalilia mti wangu."

"Mti wa kwanza uliupanda na nani?"

"Peke yangu."

"Na wewe ukauosha wenzake! Sisi ndio wenzake. Nyuzi zetu huishika mizizi. Mti hutupa utamu wa majani, nasi huuchotea maji mizizi isikofika."

"Na wa pili? Niliuletea udongo wa kwetu!"

"Ndugu zetu wa mbugani ni hodari, lakini kwao. Wamezoea udongo mzito na maji yaliyotuama. Huku juu ni kokoto na upepo. Huku ni kwetu!" Uyoga akajivuna, kofia ikapanuka. "Chota udongo hapa nilipo. Kidogo tu. Mvua ikija tutakusalimu. Mtuchume, ila msitumalize."

Kalunde akachota viganja viwili, akapanda nao mche wa tatu. Jua likawaka, mche ukasimama. Upepo ukavuma, mche ukasimama. Miaka ikapita, ukawa mti wenye kivuli.

Masika moja, uyoga ukaota chini yake. Kalunde akachuma kiasi, akaupika kwa karanga, akamwandalia mavyaa.

"Umetoka wapi huu?"

"Chini ya mti wangu, mama. Kwenye udongo wetu."

Mama Nyanzala akala, akafuta bakuli kwa kidole. Kisha akamshika mkono Kalunde, akamtoa nje, akapiga vigelegele mgongo mzima ukasikia:

"Njooni! Njooni mumwone mwenye mgongo huu!"

Basi wanangu, hakuna ardhi maskini, ila kila ardhi ina wenyeji wake, na mgeni mwerevu huanza kwa kuwabishia hodi.

Yangu yameishia hapo. Tamu chukueni, chungu niachieni. Na kama kuna uyoga uliobaki jikoni, huo pia niachieni.