Karani Aliyeandika Nyanya

Wapendwa, msiangalie saa, kisa hiki ni kifupi.

Palikuwa na karani mmoja wa soko, kijana tu. Kazi yenyewe ina miezi minne, na mama yake kashaitangaza mtaa mzima. Sasa halmashauri ikaleta bati. Mawingu ya masika yameanza kujikusanya, soko halina paa, basi karani akapewa fomu: pita kila meza, andika jina, andika bidhaa. Meza iliyoandikwa ndiyo itaezekwa.

Akaanza. Nyanya, andika. Dagaa, andika. Vitunguu, andika. Mwisho wa safu, karibu na mtaro, akamkuta bibi mmoja kwenye mkeka, watoto kumi na wawili wamemzunguka kama vifaranga. Mama zao ndio haohao wa dagaa na vitunguu. Mmoja ananyonya kidole, mwingine kalala na kiatu kimoja, jua linawapiga hivihivi.

"Shikamoo bibi. Unauza nini?"

"Marahaba baba. Siuzi, ninalea."

Mama wa dagaa akadakia huko mezani kwake: "Andika watoto! Fungu jero, mia tano tu! Ukichukua wawili nakuongezea na wa kwangu, huyo mkorofi!"

Soko likaangua kicheko. Karani naye akacheka, halafu akarudi kwenye fomu. Nafaka, mboga, samaki, mitumba. Basi.

"Bibi, hapa hakuna pa kuwaandika."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mimi natumwa tu, bibi."

Akageuka aondoke. Kumbe katoto kamoja kameng'ang'ania suruali yake, kanamnyooshea kokoto. "Kula," kakasema. Jamani, wewe ungefanyaje? Karani akachuchumaa, akajifanya anatafuna. "Tamu!" Katoto kakacheka mpaka kakakaa chini.

Usiku akaisoma ile fomu tena, juu mpaka chini. Asubuhi akarudi, akakuta bibi kaweka kigoda mbele ya mkeka, juu yake nyanya tatu. Tatu tu!

"Leo nauza nyanya," bibi akasema, macho makavu.

"Bibi wewe! Biashara imeanza lini?"

"Tangu uliposema watoto hawaandikiki."

Karani alijua: hii ikigundulika, kazi hana, na mama yake atapita wapi mtaani? Akaangalia juu, mawingu. Akaangalia chini, mkeka. Akaandika: nyanya.

Mafundi wakaja wakaezeka. Mchana watoto wakalala kivulini, midomo wazi. Mama wa dagaa akaja kuchungulia, akamfunika mkorofi wake na kanga, akarudi mezani bila hata utani.

Siku ya tatu, mkuu kutoka halmashauri akaja kukagua. Kufika pale mwisho akasimama.

"Meza ya nyanya imejaa watoto? Si watakanyaga bidhaa! Watolewe."

Kabla mtu hajajibu, kale katoto ka kokoto kakanyakua nyanya, kakaing'ata, maji yakachuruzika mpaka kitovuni. Kakachukua ya pili, kakamnyooshea mkuu. "Kula."

Mkuu hakula. "Bati zishuke. Nani kaandika nyanya hapa?"

Bibi akafungua mdomo ajitaje, karani akamuwahi.

"Mimi, mkuu."

"Umedanganya."

"Nimedanganya. Lakini fomu ndiyo iliyoanza, mkuu. Fomu inasema hapa hakuna kitu. Hebu angalia mwenyewe."

Mkuu kasimama, nyanya iko mbele ya pua yake, fundi yuko juu ya ngazi anasubiri neno.

Mnataka kujua alisema nini? Hajasema. Mpaka leo hajasema, wapendwa, kwa sababu yule mkuu ni sisi.

Msigeuke kumtafuta mtu wa serikali hapa ndani. Nimesema sisi. Juzi mtendaji alituita mtaa mzima, akauliza hela ya mtaa ya mwaka huu iende wapi. Wazee wakasema taa. Akina mama wakasema mtaro. Mimi huyu nikanyoosha mkono, nikasema magoli ya uwanja yameoza. Yote kweli! Lakini wale wa miaka miwili, mitatu, wanaoshinda kwa yule mama nyuma ya mashine ya kusaga, ishirini na kitu chumba kimoja, uji anatoa yeye mfukoni mwake, nani aliwataja? Ni kama tulisema wasubiri, wakifika darasa la kwanza wataandikwa. Kwani mtoto anaanza kuwa mtu siku anayovaa sare? Hiyo miaka yote ya kujifunza kusema, kujifunza kumwamini binadamu mwenzake, ni ya nani?

Ndiyo, tunawapenda. Tunawabeba, tunawabusu, tunawanunulia gauni la Pasaka. Kila mtu na wake. Lakini ile hela yetu sote, ile ya pamoja, haijawahi kuwajua hata kwa jina.

Kikao kinarudi Jumatano, saa nne, ofisi ya mtaa. Mwenye mtoto mgongoni aje naye. Akilia, asitolewe nje mtu. Mwacheni alie mpaka katibu aweke kalamu chini aulize huyu anataka nini, halafu tusimame sote tumwambie.