Sufuria Iliyotazama Jua

Mkakasi ni kikopo cha mti kilichotiwa rangi hadi kikameremeta. Anayekitazama hukitamani, anayekikwaruza hukuta mti ule ule wa kuni. Bi Msasa, aliyesugua vioo kwa miaka ishirini na sita, hakuyajifunza hayo darasani.

Alifanya kazi katika maabara yenye mtambo wa kutengeneza jua dogo. Ndani yake gesi ilipata joto kali hadi viini vya atomi vikaungana. Hakuna kamera ambayo ingeukodolea macho moto ule ikabaki kamera. Kwa hiyo kioo cha chuma kiliwekwa ukutani, kikaudaka mwanga na kuurusha pembeni, kamera ilikojificha. Kioo kikipofuka, mtambo nao umepofuka.

Mwaka ule mtambo ulikuwa uwashwe na kufungwa, usifunguliwe tena kwa miaka miwili. Tundu la kioo lilikuwa moja, vioo viwili. Atakayeshindwa, chumba chake cha kazi kingefungwa, na Bi Msasa alikwisha kuoneshwa stoo ya glavu atakakohamia.

Kioo cha kwanza alikitengeneza mume wa mdogo wake: shaba iliyopakwa utando mwembamba wa madini ghali. Kiling'aa mno. Mfagizi alijipaka wanja kwacho akiwa mlangoni, na inasemekana nzi aliyetua juu yake aliteleza akateguka mguu. Cha Bi Msasa kilikuwa pande la molibdeni, madini yasiyoyeyuka upesi, lililokuzwa lote kuwa chembe moja kama punje ya chumvi, bila kiungo wala utando. Alilisugua miezi tisa, na bado lilikuwa na rangi ya wingu la mvua.

"Shemeji, hicho kioo au sufuria?" mume wa mdogo wake alimtania.

"Sufuria, shemeji. Ila sufuria ndiyo hukaa motoni. Kikombe cha wageni hukaa kabatini."

Mkuu wa maabara alikuwa na desturi yake: alichagua kioo kwa kitana. Alichana sharubu mara moja mbele ya sufuria, mara tatu mbele ya kikombe.

"Hiki," akasema.

Bi Msasa alihisi stoo ya glavu ikimnukia puani. "Mkuu, sharubu zako haziingii mtamboni. Viweke vyote kwenye tanuri la majaribio siku arobaini, bega kwa bega. Kisha uchane tena. Changu kikikukataa, nitakwenda stoo kwa miguu yangu."

Mkuu akakubali. Siku arobaini Bi Msasa alikunja na kukunjua kitambaa chake bila cha kufuta. Mdogo wake alimpigia simu.

"Dada, mume wangu hali, wewe nawe husemi. Nimwombee nani?"

"Uombee mtambo."

Tanuri lilipofunguliwa, ule utando ulikuwa umebanduka kama ganda la kiazi. Shaba ya chini ilikuwa vilima na mabonde, kwani ilijaa chembe nyingi, na kila chembe ililiwa na moto kwa kasi yake. Mkuu alipojitazama aliona ukungu wenye masikio. Pande la molibdeni nalo lililiwa, lakini sawasawa, kama sabuni mkononi mwa mtu mtulivu. Sharubu zilionekana humo unywele kwa unywele.

"Hiki," akasema tena, safari hii bila kitana.

Mume wa mdogo wake alikilaza kioo chake kifudifudi. Bi Msasa alikuwa ameweka kejeli akiba siku zote arobaini, tena tamu. Akamwona shemejiye akiokota vibanzi vya utando kimoja kimoja, akaimeza kejeli yake.

"Chumba changu kina meza mbili," alimwambia. "Kesho njoo na mikono yako. Utando uache nyumbani."

"Nije kusugua sufuria?"

"Miezi tisa, shemeji."

Shemejiye akacheka, ingawa macho yalikuwa yamelowa. Kesho yake alifika kabla ya Bi Msasa, kitambaa begani.

Miaka miwili baadaye mtambo ulifunguliwa. Sharubu za mkuu zilikuwa zimeingia mvi, na kioo kilimwonesha kila mvi bila kumwonea haya. Kile cha shaba walikigeuza kizuizi cha mlango, na kila aliyekiruka alijisemea: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.