Siku Rasimu ya Fisi Ilipotembewa

Sogeeni karibu, maana hiki ni kisa chenye sheria ndani yake, na sheria bila kicheko haimezeki.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali nyikani, mto ukabaki mchanga mtupu. Maji yalikuwapo, lakini kwenye visima vidogo vidogo vya mabondeni, na kisima kikikauka mwenye bonde huchimba kingine pengine. Nani angeweza kuvijua vyote? Ndiyo maana wazee waliweka utaratibu. Mwenye kiu hupanda kilimani kwa Simba, hutaja jina zima la anachokitafuta, tuseme Kisima cha Mkwaju cha Bonde la Miiba. Simba hana habari na mikwaju. Yeye husikiliza mwisho wa jina tu, kisha hujibu, "Bonde la Miiba? Kamuulize Nungunungu." Nungunungu ndiye mwenye bonde, na ndiye ajuaye maji ya leo yako wapi.

Utaratibu ulikuwa mzuri, ila Nungunungu akihama shimo, Simba hapati habari. Yakamfika Sungura. Alitumwa kwenye shimo lililojaa utando wa buibui, akazunguka kutwa, na nyumbani watoto wake wachanga wanalia kwa kiu. Alirudi na kibuyu kitupu, akaketi mlangoni akalia waziwazi.

"Sheria hii irekebishwe," akasema alipojifuta machozi, akapanda kwa Simba, na Simba akaita baraza.

Nani wa kwanza kuleta rasimu? Fisi, bwana! Alikwisha kuzunguka mabonde yote akiwabembeleza wenyewe: "Mmechoka kuulizwaulizwa. Nikabidhini mimi, niwajibie. Ninyi laleni." Jua lile, nani hataki kulala? Wakamkubalia, Nungunungu akiwemo. Kasuku, ambaye kazi yake ni kukariri rasimu, akaitamka: "Anayeulizwa anaweza kumkabidhi mwingine kujibu. Aliyekabidhi hasemi tena."

Simba akafurahi. Mabonde yote, jina moja tu la kukumbuka! "Safi kabisa," akanguruma. "Mimi na ukubwa wangu huu, nikariri majina ya wachimba mashimo?"

Sungura hakufurahi. Alimjua Fisi. Kesho mwenye kiu ataambiwa, "Lete paja la nyama ndipo nikuonyeshe maji." Na yeye mla majani, paja atalitoa wapi? La mwanawe?

Sasa, huko hawapigi kura. Wanaokubali hufumba midomo na kuvuma kama nyuki, ili Simba asijue nani kanyamaza. Siku hiyo baraza lilivuma sana. Lakini wazee waliacha sharti jingine: rasimu haiwi sheria mpaka itembewe, yaani ifuatwe hatua kwa hatua hadi kwenye maji, na aliyeileta ndiye huitembea, baada ya kulambishwa magadi ili kiu yake iwe ya kweli. Sungura alipolikumbuka sharti hilo, masikio yakamsimama. Akamwendea Fisi.

"Shikamoo, mjomba. Hongera, lakini nakuonea huruma."

"Marahaba. Huruma ya nini?"

"Wanyama wote watakuuliza wewe tu, asubuhi mpaka jioni. Utakula saa ngapi?"

Fisi akaacha kutafuna. Lo, hilo hakulifikiria! "Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Si rasimu yako inaruhusu? Nawe kabidhi. Nungunungu hana kazi siku hizi. Yeye ajibu, wewe upokee vya kupokea."

"Una akili wewe!" Fisi akacheka mpaka mate yakamtoka, akamwita Kasuku papo hapo: anayemuuliza Fisi, akamuulize Nungunungu.

Siku ya kuitembea ikafika. Fisi akalambishwa magadi, akapanda kilimani ulimi nje, baraza zima nyuma yake.

"Kisima cha Mkwaju cha Bonde la Miiba!"

"Bonde la Miiba?" Simba akajibu kwa madaha. "Kamuulize Fisi."

"Fisi si ndiye mimi!"

"Basi jiulize."

Wanyama wakaangua kicheko. Fisi hakuwa na cha kujijibu. Alipozunguka mabondeni hakuuliza hata kisima kimoja kiko wapi, akili yote ilikuwa kwenye mapaja. Akateremka mbio kwa Nungunungu.

"Bibi, maji yako wapi?"

"Nilikukabidhi wewe, mjomba. Aliyekabidhi hasemi tena."

"Nami nimekukabidhi wewe!"

"Kumbe! Na wewe ulikabidhiwa na mimi. Haya, rudi kwako."

"Lakini unajua yalipo!"

"Najua sana. Miiba yote inanisimama kwa hamu ya kukuambia. Ila sheria yako, mjomba."

Fisi akapanda tena kwa Simba, akateremka tena kwa Nungunungu, akapanda, akateremka, hata vumbi likachoka naye. Walioshika mbavu walishika. Sungura peke yake hakucheka, alikuwa amekumbatia kibuyu chake akiwawaza watoto.

"Unaifuta, mjomba, au tuendelee kutembea?"

"Naifuta! Jamani, naifuta!"

"Na mapaja?"

"Na mapaja naya... ah! Nani kakwambia habari za mapaja?"

"Umeniambia wewe sasa hivi," Sungura akasema, na baraza likageuka kumtazama Fisi.

Kasuku akatamka marekebisho ya Sungura: "Mwenye bonde hujibu mwenyewe. Akihama, humwarifu Simba kabla hajalala katika shimo jipya." Simba akaanza kununa. "Ewe Mfalme," Sungura akamwahi, "kichwa gani kingine nyikani kinaweza kubeba majina yote hayo?" Simba akatikisa manyoya, kununa kukaisha.

Sungura naye akalamba magadi. Simba akamtuma kwa Nungunungu, shimo jipya. Nungunungu akamwelekeza chini ya mkwaju, mizizi ya upande wa machweo. Maji hayo hapo, ya tope kidogo, baridi! Akajaza kibuyu, yeye mwenyewe hakuonja hata tone, akatimua mbio nyumbani na ulimi wake mchungu. Baraza likavuma nyuma yake mpaka mlangoni, likaendelea kuvuma watoto walipokuwa wakinywa.

Fisi alikunywa wa mwisho, matope matupu, na hakuna aliyemhurumia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.