Kura ya Aliyekwama kwenye Lifti

Kaeni mkao wa mahakimu, maana hakimu mwenyewe nimeshindwa kazi.

Palikuwa na wasichana watatu katika klabu ya wanafunzi wa kike wa uhandisi, klabu ambayo mimi, Mwalimu Siwema, ndiye mlezi wake. Mwanakombo alijaliwa sikio: mashine ikikoroma vibaya chumba cha tatu, yeye anajua ni beringi ipi iliyochakaa. Kokusima alijaliwa mdomo. Angeweza kumshawishi mlinzi amwachie geti pamoja na kiti. Nyamizi alijaliwa mikono, na maneno machache mno. Wote watatu waligombea uenyekiti.

Ijumaa alasiri, kampeni zikiwa zimepamba moto, nikakwama kwenye lifti. Nimepanda lifti za Muscat, Lusaka na Guangzhou, ghorofa arobaini, salama. Nikaja kukwama katika jengo la uhandisi lenye ghorofa nne, ndani ya lifti niliyoikagua mwenyewe juzi yake na kuitilia saini kwamba ni nzima. Kengele haikulia. Simu haikushika mtandao. Nikavua kiatu, nikaanza kugonga.

Watu wakapita, wakidhani ni mafundi wa karakana. Mwanakombo alikuwa anabandika picha zake ukutani; akasimama. "Fundi hagongi hivi," akasema. "Huyu anagonga, anahema, anagonga tena. Kuna mtu humu, na amechoka." Akawaita wenzake wawili. Asingesikia yeye, ningekaa humo hadi Jumatatu.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshaupanua mlango, lifti ikiwa imesimama kati ya ghorofa mbili, nikaona mwanya wa kutokea ghorofa ya tatu, unaomtosha mwanamke mwembamba. Mimi si mwembamba, lakini hofu haijui vipimo. Nilikwisha kupitisha kichwa na bega Kokusima alipopiga magoti mbele yangu.

"Mama, rudisha kichwa ndani. Lifti ikisogea tutakuzika vipande viwili, na mimi sina nguo ya msiba."

Nikarudi. Akanisimulia ugomvi wa mahari ya shangazi yake nusu saa nzima, na kila nilipotaka kuinuka, akafika penye utamu. Asingenishika kwa maneno, shingo yangu ingekuwa mlangoni lifti ilipokuja kusogea.

Aliyeisogeza ni Nyamizi. Alichukua ufunguo kwa mlinzi, akapanda chumba cha mitambo, akazima umeme, akalegeza breki, akalizungusha gurudumu la kuisogeza lifti kwa mikono, kidogo kidogo, mpaka sakafu zikalingana. Viganja vikachubuka. Nikatoka na kiatu kimoja.

Jumatatu wanachama thelathini na sita wakapiga kura. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Wakarudia, vilevile. Na katiba yetu inasema zikilingana, mlezi anaamua.

"Tukunje karatasi, niokote moja," nikasihi.

"Mwalimu," akasema Nyamizi, "daraja lililojengwa kwa kuokota karatasi, utalipita?"

Nikaziweka karatasi kando. Wao wakageukiana.

"Nisingesikia, mngemwokoa nani?" akauliza Mwanakombo.

"Na nisingemzuia," akadakia Kokusima, "shoga yangu Nyamizi angemkata mama wa watu shingo."

"Sawa," akasema Nyamizi. "Mngeendelea kumsikia na kumsimulia."

Wanaishi chumba kimoja, hawa. Tangu siku hiyo kila mmoja anapika chai yake.

Mkuu wa kitivo anataka jina moja leo kabla ya saa sita. Likikosekana, chumba cha klabu kinakwenda kwa wacheza mpira wa meza. Nikimwandika mmoja, nimewaambia wawili kwamba ningeweza kupona bila wao. Na hilo si kweli.

Fomu ninayo mkononi. Pengo la jina liko wazi. Ofisi ya mkuu iko ghorofa ya nne. Lifti imeshatengenezwa, lakini nitapanda ngazi, polepole, ili nichelewe kidogo. Nyinyi mnaonisikiliza, kabla sijafika juu niambieni: sikio lililonisikia, mdomo ulionizuia, au mikono iliyonitoa? Kalamu hii ingekuwa yako, ungeandika jina la nani?